Tangazo Namba Saba

Sauti yangu ndiyo iliyonipa uzee wa kanisa, si utakatifu. Nilipohamia Bagamoyo kutoka bara kuja kufanya kazi ya karani wa masjala, nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na koo lisilohitaji kipaza sauti. Usharika wetu wakati ule haukuwa na kipaza sauti. Mchungaji alinisikia nikisoma somo siku moja, na Jumapili iliyofuata akanikabidhi kitabu cha matangazo. Nilikisoma kwa miaka kumi na tisa: ndoa, misiba, zamu za kufagia, mazoezi ya kwaya, mnada wa mavuno, nani amejifungua na nani amelazwa. Watu walisema tangazo nikilisoma mimi linaingia kichwani lenyewe. Hata wauza samaki, ambao wengi wao si wa kanisa, walikuwa wakinitania nikipita: "Mzee wa matangazo, hebu tutangazie na bei ya changu leo."

Siku hizi nasoma mara moja kwa wiki, na msikilizaji wangu ni mmoja. Ni mke wangu. Macho yake yameingia ukungu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho na anaweza kumtoa, yeye anasema atafikiria. Kila Alhamisi, adhana ya alasiri ikishaisha, anakuja barazani na ungo wa mchele, anakaa mkekani, ananipa simu. Mchele anauchambua kwa vidole na hakosi jiwe hata moja. Kisha anasema, "Haya. Wanangu wamesema nini?"

Anaowaita wanangu ni wachungaji wanawake wenye blogu yao. Wa tumboni mwake ni mmoja tu, binti yetu, ambaye ni mchungaji wa usharika wa Kiwangwa. Walianza wanne, waliokutana kwenye semina wakagundua kwamba kila mmoja akirudi kwake anabaki peke yake. Hana wa kumuuliza afanye nini pale mzee wa kanisa anapokataa kupokea Chakula cha Bwana mkononi mwake. Hana wa kumsimulia alivyoongoza mazishi na mimba ya miezi minane, waombolezaji wakitazama tumbo badala ya kaburi. Wakaamua kila Alhamisi mmoja wao aandike. Anaandika alichokiona wiki ile, alichojifunza, alipokosea, na mwisho anaweka sala fupi. Wenzake wanajibu chini yake. Sasa ni wengi. Wako Pangani, wako milimani, wako huko ambako mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu.

Mimi ni mtu wa masjala, na mtu wa masjala hawezi kuona karatasi nzuri ikapotea. Kila zamu ya binti yangu inapofika napeleka simu kwenye duka la kuchapisha, nalipa, narudi na kurasa zangu. Nimezifungulia jalada. Kila ukurasa una namba juu kulia, kwa wino mwekundu, kama tulivyofundishwa. Ukurasa wa nne ni ule alioandika kuhusu joho lake, kwamba analibeba ndani ya mfuko wa plastiki akipanda bodaboda kwenda kwa wagonjwa mashambani, na kwamba amejifunza kuvaa bila kioo, nyuma ya mnazi. Ukurasa wa kumi na moja ni kuhusu kumzika mtoto siku ya mvua, kaburi likijaa maji, na yeye akiinama kuyachota pamoja na wachimbaji kabla ya kusema neno lolote la Mungu. Chini ya andiko lile mchungaji mmoja wa mbali aliandika kwamba alikuwa ameshaamua kuacha kazi, na baada ya kusoma amefua joho lake upya. Niliposoma hayo nilivua miwani nikaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Mjini wananiita Baba Mchungaji. Jina hilo nalipenda sana, na kila mtu akilitamka kuna kitu kinanichoma, kwa sababu nilifanya nililoweza ili lisipatikane.

Nieleze. Mwaka ule wazee wa usharika tulikuwa na kikao, na likaja suala la wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji. Nikasimama na sauti yangu ile. Nikasema, "Madhabahuni hakuna sufuria. Dada zetu wanakwenda kutafuta nini?" Wazee wakacheka mpaka mmoja akapiga meza. Nilirudi nyumbani nikiwa mtu mkubwa. Wiki tatu baadaye binti yangu akaniwekea mezani barua ya kukubaliwa chuo cha theolojia.

Sikumkataza. Ningemkataza, angalau angepata wa kugombana naye. Nilisoma barua, nikaikunja, nikamrudishia.

Kwetu mtu akienda mbali kusoma hutangazwa kanisani. Jina lake likishasomwa, anakwenda mbele na wazazi wake, wazee wanamwekea mikono, usharika unaimba. Ibada ikiisha, kina mama wanamzunguka nje na sabuni, unga, kanga, chochote, na kila mmoja ana neno la kumwambia. Asiyesindikizwa hivyo anakuwa kama mtu aliyetoroka. Mchungaji wetu, mzee mpole asiye na maneno mengi, aliliandika tangazo la binti yangu kwa mkono wake. Lilikuwa namba saba.

Jumapili ile nilisoma namba moja hadi sita. Mke wangu alikuwa benchi la pili, amevaa kitenge kipya, ameshavuta mkoba wake tayari kusimama. Binti alikuwa pembeni yake. Nyuma yao niliwaona wazee wenzangu, na yule aliyepiga meza. Nikaliona tangazo namba saba. Nikafunua ukurasa. Nikasoma namba nane, iliyohusu masufuria ya umoja wa wanawake ambayo hayajarudishwa.

Niliwaona wakitazamana, mama na mwana. Njiani kurudi nyumbani mke wangu akauliza, nikasema mchungaji hakuliandika. Nikaongeza kwamba mzee wa watu ana mambo mengi, lazima amesahau. Jumanne binti akaondoka. Nilisema nina kazi ofisini, akaenda Chalinze peke yake kupanda basi.

Uongo ule haukuishia pale. Mke wangu si mtu wa kugombana, ila hakumpa yule mchungaji mkono tena. Alipohamishwa hakwenda kumuaga. Alipofariki, miaka mingi baadaye, usharika ulikodi gari kwenda mazishini, na mke wangu akasema ana nguo za kufua. Mimi nilikwenda. Nilitupa udongo kaburini nikijua nimemtwika marehemu mzigo wangu.

Na siku binti yangu alipobarikiwa sikwenda. Nilisema nina mafua. Nina rafiki hapa mji mkongwe, fundi cherehani, Mwislamu, tumezeeka pamoja. Binti alimpa kazi ya kumshonea joho, na fundi yule akafunga duka akaenda na mke wangu kwenye ibada kuona linavyokaa mabegani. Mpaka leo nikipita kwake hanisamehe. "Joho nimeshona mimi," anasema, sindano ikiwa mdomoni. "Kola nimekata mimi, na swala yangu ya alasiri nimeswali uwanjani kwenu. Wewe baba mtu ulitoa nini siku ile? Mafua." Wateja wanacheka. Nami nacheka, kwa sababu anajua la mafua tu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa, jalada langu la kurasa zenye namba nyekundu likinenepa na kosa langu likiwa nje yake, hadi Alhamisi moja ya mwaka huu, zamu ya binti yangu.

Andiko lilikuwa linamhusu msichana mmoja aliyewaandikia wachungaji wale kwamba amekubaliwa chuo cha theolojia na usharika wake umekaa kimya, hakuna aliyemwombea. Nilianza kusoma kwa sauti yangu ya siku zote.

"Kwetu mtu akienda mbali kusoma hutangazwa," binti yangu aliandika. "Mimi sikutangazwa. Nilisimama stendi ya Chalinze na sanduku la mama, nikajiombea mwenyewe kimoyomoyo katikati ya malori. Mama mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha akaniuliza naenda wapi. Nilipomwambia naenda kusomea uchungaji, kwanza alicheka. Halafu akafuta mkono kwenye kanga yake, akaniwekea kichwani, akasema, Mungu akutangulie mwanangu, na ukirudi upite hapa. Huyo ndiye aliyenisindikiza. Sijui hata alikuwa wa dini gani."

Mke wangu alikuwa ameacha mchele. Jicho langu likatangulia mistari inayofuata, nikaona neno "kitabu". Nikanyamaza.

"Limeisha," nikasema.

"Halijaisha. Hajasali."

Nikasema labda bando limekwisha. Akasema bando tumeweka jana, la wiki nzima.

Nilikuwa na simu mkononi kama nilivyokuwa na kitabu siku ile, na mbele yangu alikuwa mwanamke yuleyule. Angeweza kudanganywa kirahisi kuliko zamani, kwa kuwa sasa hata haoni. Kuvusha kidole ni rahisi kuliko kufunua ukurasa. Kisha nikasoma.

"Kwa miaka mingi niliamini tangazo langu lilisahauliwa. Halafu nilialikwa kuhubiri usharika wa nyumbani, na kwenye kabati la ofisi nikakuta vitabu vya zamani. Lilikuwemo. Namba saba, kwa mwandiko wa mchungaji wetu. Liliandikwa, ila halikusomwa. Nilikaa nalo sakafuni mpaka wakaja kuniita ibada inaanza. Aliyekuwa akisoma sijawahi kumuuliza, kwa sababu nampenda, na kwa sababu naogopa jibu. Lakini wewe binti, usikae na kitabu kilichofungwa kama mimi. Tangazo lako limeandikwa. Sisi tunalisoma hapa, wote, na tumesimama nawe."

Nikasoma na sala. Nikasoma na majibu ya chini, mmoja baada ya mwingine, wachungaji wa sehemu ambazo sitazifikia wakimwambia msichana yule: nimesimama nawe, nami nimesimama, nami nimekuwekea mkono.

"Aliyekuwa akisoma ni nani?" mke wangu akauliza.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Nilitaka useme."

Nikasema yote. Kikao, masufuria, yule mzee aliyepiga meza. Alisikiliza uso wake ukiwa umeelekea barabarani. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Yule mchungaji nimemnyima mkono wangu mpaka amekufa." Akainuka, akaingia ndani, akaniachia ungo.

Usiku ule na asubuhi yake hatukuzungumza zaidi ya chakula tayari na asante. Ijumaa nilikwenda ofisi ya usharika, nikaomba kitabu kile cha zamani. Katibu wa sasa akanitazama, akanipa, nikasaini. Kilikuwa kimeliwa na mende pembeni lakini namba saba ilikuwa nzima. Niliporudi nikamwambia mke wangu nakwenda Kiwangwa kesho. Akaanza kukunja kanga zake. "Na mimi naenda," akasema. "Safari hii sitaki kusimuliwa na wewe. Nitasikia mwenyewe."

Tulimkuta binti yetu uani, amejifunga kanga, anamenya nanasi, karatasi za mahubiri zikiwa zimebanwa na kisu kingine juu ya kigoda. Akatuamkia, tukaitikia. Akamkalisha mama yake, akatukatia nanasi. Sikula. Nikasema, "Mwanangu, tangazo lako nililiruka makusudi. Mchungaji aliliandika. Nilimsingizia."

Hakuacha kumenya. "Najua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipouona ukurasa. Wewe hujawahi kuruka namba maishani mwako."

Nikamwambia haikuwa imani. Ningependa iwe imani, mtu anaweza kuheshimiwa kwa imani hata akikosea. Ilikuwa aibu. Nilikuwa nimesema maneno kikaoni nikaogopa kuchekwa. Akauliza maneno gani. Nikamwambia lile la sufuria. Akaweka kisu chini, akanitazama, na akacheka, kicheko cha mama yake kabisa. "Baba, wewe sufuria unaijulia wapi? Hata chai unachemshiwa."

Mama yake naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kisha binti akawa anaokota maganda ya nanasi moja moja. "Mimi nilidhani uliona sifai," akasema. "Kwamba uliniangalia tangu utotoni, ukanijua, ukaona sifai. Kila nikipanda mimbarani nilikuwa nayo hiyo. Ningejua ni aibu tu ya wazee wenzako, ningepumzika zamani."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimeipima dhambi yangu miaka yote, nikadhani najua uzito wake. Nikamwambia alikuwa anafaa kuliko sisi sote tuliokuwa kwenye kikao kile, na kwamba nilijua hivyo hata nilipokuwa nafunua ukurasa. Nikatoa kitabu mfukoni, nikaomba nilisome tangazo lile kesho kanisani kwake.

Alikishika, akaupapasa ukurasa. Akasema, sasa kwa sauti ya kazi, kwamba usharika wake una msomaji wa matangazo na hatampokonya mtu zamu, nimwombe mwenyewe. Na namba saba ya kesho imeshachukuliwa na mnada wa mavuno, kwa hiyo mimi nitakuwa namba kumi. Nikasema ndiyo, Mchungaji. Lilinitoka tu. Sikuwahi kumwita hivyo.

Kesho yake, baada ya namba tisa, nikasimama. Kipaza sauti kilikuwepo, nikakisogeza pembeni. Nikasoma kama lilivyoandikwa: kwamba binti wa usharika wetu amekubaliwa chuo cha theolojia kusomea uchungaji, anaondoka Jumanne, wazazi wake wasimame naye mbele ili tumwombee. Kisha nikasoma jina.

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji wao, mwenye mvi za kwanza pembeni mwa kichwa, aliyewabatizia watoto na kuwazikia wazazi, ati anakwenda shule Jumanne. Nikangoja watulie. Nikasema, "Tangazo hili nilitakiwa kulisoma miaka ishirini na minne iliyopita. Nililiruka makusudi, nikamsingizia mchungaji aliyeliandika, na sasa ni marehemu. Huyu ni mwanangu."

Nilipoinua macho mke wangu alikuwa ameshasimama, pengine hata kabla sijamaliza. Alikuja mbele peke yake akishika kichwa cha benchi, akiacha, akishika kinachofuata. Binti yangu akashuka madhabahuni, joho la fundi likimfuata, akapiga magoti kati yetu. Wazee wa usharika wake wakaja, wanaume wanne na wanawake watano, nilihesabu, wakamwekea mikono. Mimi nikaweka wangu juu kabisa, kwenye mvi zile.

Nje, sikuwa nimewaza kingefuata nini. Kina mama wa Kiwangwa walimzunguka kama msichana wa miaka ishirini. Waliotoka mnadani walimpa mananasi. Mmoja alimpa mche wa sabuni, mwingine akavua kanga yake ya juu akamfunga kiunoni, bibi mmoja akamwambia huko chuoni asome kwa bidii, asidanganywe na wanaume. Binti yangu alisema ndiyo bibi, kwa heshima zote, huku machozi yanamtiririka. Mke wangu, mkono wake ndani ya mkono wangu, aliniambia nimsimulie kila kinachotolewa. Nikamsimulia kwa sauti, kimoja kimoja. Sikuacha kitu.

Tukiwa tunarudi akasema bado kuna sehemu moja. Mjane wa yule mchungaji yuko hai, anaishi kwa mwanawe upande wa Kaole. Nikasema nitakwenda nikaseme mwenyewe. Akasema tutakwenda wote, ana mkono wa kumpa.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya mchungaji mwingine. Chini ya andiko lake yule msichana alikuwa ameandika mstari mmoja, kwamba amefika chuoni, na kwamba alipopita Chalinze alinunua mayai mawili. Nikalisoma jibu hilo, nikangoja mke wangu aseme kitu. Akasema, "Lisome tena."

Jalada sasa lina ukurasa mpya. Ni nakala ya tangazo namba saba, niliyoiandika kwa mkono wangu kabla ya kurudisha kitabu ofisini. Chini yake, kwa wino mwekundu, nimeandika kama tulivyokuwa tukiandika masjala karatasi ikishafanyiwa kazi: Limesomwa. Nikaweka saini.